Mionzi na Jicho: Mazungumzo na Wazazi na Wahudumu wa Afya, Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha mliofika, maalim wa vyuo na wa skuli, wauguzi wenzangu, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo huku mbele na hakuna mtu atakayekuulizeni maswali.

Nimepewa mada ya tiba ya mionzi kwa saratani ya jicho. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza ndani ya vyumba vya mionzi, Dar es Salaam, na kila nikirudi Pemba nakutana na maswali yale yale mawili. La kwanza huulizwa kwa hofu: ni kweli ukipigwa mionzi jicho linaungua likapasuka? La pili huulizwa kwa matumaini yaliyopita kiasi: si wampige mionzi tu, jicho libakie? Anayeogopa na anayetumaini wote wawili nitawajibu kwa pamoja, kwa sababu jibu lao ni moja. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wa fani hii wamekuwa wakijifunza kuitoa mionzi kwa uchache, kwenye sehemu ndogo iwezekanavyo, na kumjua mgonjwa ambaye asipewe kabisa. Ukilielewa hilo, hutaikimbia na wala hutaililia pale daktari anapokwambia hapana.

Saratani ya jicho si moja. Mtu akiniambia "fulani ana kansa ya jicho", bado hajaniambia kitu mpaka nijue umri wa mgonjwa na ni sehemu gani ya jicho. Mtoto wa miaka miwili huwa na retinoblastoma, inayoota kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Mtu mzima wa kwetu mara nyingi huwa na uvimbe wa juu ya jicho, kwenye ile ngozi laini inayofunika weupe. Kuna saratani ya tezi za limfu, inayoweza kutokea kwenye utando wa ndani ya kope au kwenye tundu la jicho, zaidi kwa watu wa makamo na wazee. Halafu kuna melanoma ya ndani ya jicho, saratani ya seli zinazotoa rangi, ambayo ndiyo iliyoandikwa kuliko zote kwa sababu huwashika zaidi Wazungu. Kwa watu weusi ni nadra sana. Naitaja mapema makusudi. Mzazi akifungua simu yake usiku kutafuta tiba, habari nyingi atakazozikuta ni za melanoma, yaani ugonjwa ambao mwanawe hana, kisha asubuhi anakuja kutuuliza kwa nini hatumpi tiba aliyoisoma.

Nianze na watoto, nao ndio nitakaokaa nao zaidi.

Retinoblastoma humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na wengi wao hugundulika kabla ya kufikia miaka 5. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, linaloitwa RB1, lililoko kwenye kromosomu ya 13, ambalo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Marekani, Alfred Knudson, alitoa maelezo ambayo baadaye yalithibitika. Jeni hilo kila mmoja wetu analo mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na ni lazima yote mawili yaharibike ndipo uvimbe uote. Mtoto aliyekuja duniani na moja tayari bovu katika seli zake zote, amebakiwa na kinga moja tu. Huyo mara nyingi hushikwa macho yote mawili, tena mapema. Kiasi cha asilimia 40 ya watoto wenye ugonjwa huu ni wa namna hiyo. Waliobaki, hitilafu imetokea ndani ya jicho moja peke yake na haimo kwenye ukoo. Na hata katika wale wenye hitilafu mwili mzima, wengi wazazi wao ni wazima kabisa, imeanza kwao wenyewe. Kwa hiyo bibi mkwe asimnyooshee kidole mkewe mwanawe, na mke asimnyooshee mumewe. Si husda, si jicho la mtu, na si kwa kuwa mama alitazama kitu fulani akiwa na mimba.

Naona bibi mmoja hapa mbele anatabasamu. Mimi na yeye tunajua maneno hayo yanasemwa.

Dalili yake ya mwanzo ni weupe ndani ya mboni. Mchana hauonekani vizuri. Unaonekana jioni, mtoto akiwa kwenye mwanga hafifu, au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa taa: jicho moja linatoka jekundu kama kawaida, na la pili linatoka jeupe. Dalili ya pili ni kengeza lililoanza bila sababu. Na ikifika jicho limevimba na linatoka nje, hapo ugonjwa umekaa muda mrefu. Kuna mtoto mmoja wa kisiwa hiki, simtaji jina wala kijiji, mama yake aliuona ule weupe usiku wakati anamnyonyesha, mwanga wa simu ulipompiga mtoto usoni. Akaambiwa na watu ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji akikua. Akatiwa maziwa ya mama jichoni, akanyweshwa kombe. Mimi sina ugomvi na kombe, nimelelewa nalo. Ugomvi wangu ni na miezi iliyopita kati ya kombe na boti. Alipofika Dar jicho lilikuwa halifungiki tena.

Sasa kwa nini mtoto huyo, au hata aliyekuja mapema, hatumkimbizi moja kwa moja kwenye mashine ya mionzi? Hapa inabidi nisimulie kidogo.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Miaka miwili baadaye, 1897, Wajerumani walifungua hospitali yao pale ufukweni Dar es Salaam. Jengo lile lile leo ndipo ilipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka 1903, huko Texas, daktari aliyeitwa Hilgartner alimpiga eksirei mtoto mwenye uvimbe wa retina, miaka minane tu tangu mionzi hiyo ijulikane. Kwa miongo mingi iliyofuata hiyo ndiyo ikawa njia ya kuokoa macho ya watoto: mashine inasimama nje, mionzi inapita kwenye paji na shavu mpaka kwenye jicho. Na macho yaliokolewa kweli, tusiwadharau waliotutangulia.

Lakini watoto wale walikua. Wengine mfupa wa upande mmoja wa uso ulikataa kukua, wakabaki na bonde kwenye sudugu, pembeni mwa jicho. Hilo ni la sura, mtu anaweza kuishi nalo. Zito zaidi ni kwamba wale waliozaliwa na jeni bovu, miaka kadhaa baadaye, walianza kupata saratani nyingine: ya mifupa, ya misuli, tena nyingi katika eneo lile lile lililopita mionzi. Wangeweza kuzipata hata bila mionzi, kwa sababu ya lile jeni, lakini mionzi iliiongeza hatari, na khasa kwa mtoto aliyepigwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 tiba imegeuka. Siku hizi mtoto huanzishiwa dripu za dawa za saratani, kama karboplatini, vinkristini na etoposidi, ili uvimbe usinyae, kisha unamaliziwa kwa leza au kwa kugandishwa kwa baridi kali. Na jicho likiwa limekwisha kuharibika, linatolewa. Mionzi ya nje imewekwa nyuma kabisa ya foleni.

Basi mama akiniuliza "mbona hamumpigi mionzi mwanangu?", jibu langu ni kwamba tunamnyima kwa makusudi, kwa ajili ya umri wake wa miaka 20 na 30. Na ndiyo maana pia mtoto wa aina hii hatufurahi akipitishwa ovyo ovyo kwenye sitiskani, kipimo kinachopiga picha kwa eksirei. Ikiwezekana apigwe emarai, kipimo cha picha kwa sumaku, ambayo haitumii mionzi ya aina hiyo.

Wapo watoto ambao kwao mionzi bado ni lazima. Jicho likitolewa, linapelekwa maabara pamoja na kipande cha mshipa wake wa fahamu. Maabara ikikuta seli za saratani pale mshipa ulipokatwa, maana yake ugonjwa umeshatembea kuelekea kwenye ubongo. Hapo mtoto hupewa dawa pamoja na mionzi kwenye tundu la jicho, kwa kawaida grei 40 hadi 45, zikigawanywa kidogo kidogo kwa wiki nne au tano. Grei ni kipimo cha nguvu ya mionzi inayofyonzwa na mwili. Na yupo yule ambaye ugonjwa umeshinda, tunampa vipindi vichache ili uvimbe upungue, maumivu yapoe, alale usiku. Hiyo nayo ni tiba, na mzazi asiidharau.

Kati ya kumpiga mtu uso mzima na kumnyima kabisa, kuna njia ya katikati, ambayo mimi naiona ndiyo kazi nzuri kuliko zote za fani yangu. Ni kukipeleka chanzo cha mionzi kwenye uvimbe wenyewe.

Yalianzia London karibu na mwaka 1930, pale daktari Foster Moore alipochomeka mbegu ndogo za radoni, gesi inayotoa mionzi, ndani ya uvimbe wa jicho. Akafuatiwa na Henry Stallard, ambaye kabla ya udaktari kumchukua alikuwa mkimbiaji na alipata medali ya shaba ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Stallard alitengeneza visahani vilivyopinda kufuata mviringo wa jicho, akavitia kobalti 60, metali inayotoa mionzi. Tabu ya kobalti ni kuwa mionzi yake haikai mahali pamoja. Inafika kwenye uvimbe na inafika kwa daktari na muuguzi pia. Miaka ya 1960, Lommatzsch huko Berlin akaleta visahani vya rutheni 106, ambavyo mionzi yake hufa baada ya milimita chache tu. Baadaye ikaja iodini 125, kwa uvimbe ulio mrefu zaidi, na mgongo wa kisahani ukawa dhahabu ili mionzi isitoke nyuma.

Nataka mkione kisahani hicho. Upana wake kwa kawaida ni milimita 15 hadi 20 hivi, na kile cha rutheni unene wake ni kama milimita 1. Daktari humlaza mgonjwa kwa nusukaputi, akafunua ngozi laini ya jicho, akamulika jicho kwa taa ili kivuli cha uvimbe kionekane kwenye weupe, akauwekea alama mpaka wake. Kwanza anajaribisha kisahani cha bandia kisicho na mionzi. Akiridhika na mahali, ndipo kinaletwa cha kweli, kinashonwa juu ya weupe kwa nyuzi nyembamba, na jicho linafunikwa. Mgonjwa hukaa nacho siku kadhaa kwenye chumba chake, kisha anarudishwa upasuaji kinaondolewa. Muda wote huo mwanafizikia wa tiba ameshapiga hesabu ya saa ngapi kikae ili kilele cha uvimbe kipate kipimo kilichokusudiwa, ambacho kwa melanoma kilizoeleka kuwa grei 85 kwa iodini. Uso haukuguswa, na mfupa hauna habari.

Je, inafaa sawa na kulitoa jicho? Swali hilo lilijibiwa Marekani na Kanada kwa utafiti mkubwa wa melanoma, ulioandikisha wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa kati, nusu wakatolewa jicho na nusu wakawekewa kisahani cha iodini. Matokeo ya kwanza yalitoka 2001. Miaka mitano baada ya tiba waliofariki walikuwa karibu sawa pande zote mbili, asilimia 19 kwa waliotolewa jicho na 18 kwa waliowekewa kisahani, na walipofuatiliwa hadi miaka 12 bado hapakuwa na tafauti. Yaani kubakisha jicho hakukumpunguzia mtu maisha. Lakini msikie na upande wa pili: ndani ya miaka mitatu, karibu nusu ya waliobaki na jicho walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya kuona kwake, kwa sababu mishipa midogo ya retina huharibika taratibu baada ya mionzi. Jicho lipo usoni, kuona kumepungua. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaotoka hospitali wakidhani wamedanganywa.

Njia nyingine ni protoni, chembe ndogo mno za ndani ya atomu. Eksirei ni mshale unaomtoboa mtu ukatokea mgongoni. Protoni ni mshale unaosimama pale ulipoambiwa usimame. Huko Boston walianza kuwatibu wenye melanoma ya jicho kwa protoni mwaka 1975, Uswisi wakafuata 1984, na Clatterbridge nchini Uingereza 1989. Daktari anashona vipete vidogo vya metali ya tantali kwenye weupe wa jicho kuonyesha mipaka ya uvimbe, mgonjwa anakaa kitini, kichwa kimebanwa, anaambiwa atazame kijitaa na asipepese. Kazi yenyewe haimalizi hata dakika mbili, na kwa kawaida huwa siku nne au tano basi. Mashine hiyo ina ukubwa wa nyumba na bei yake siitaji hapa. Kwa kisahani nako, iodini 125 kila siku 59 hivi hupungua nusu, kwa hiyo hainunuliwi ikawekwa kabatini kumngoja mgonjwa. Ndiyo maana tiba hizi ziko kwenye vituo vichache duniani. Sitaki mtu aondoke hapa akauza shamba la mikarafuu kufuata protoni kwa ugonjwa usiohitaji protoni.

Turudi kwa mama zangu wa mwani na baba zangu wa baharini.

Uvimbe wa juu ya jicho, ambao kwa Afrika Mashariki ndio tunaouona sana kwa watu wazima, unapenda jua. Anayesimama majini asubuhi mpaka mchana akifunga mwani, jua linampiga kutoka juu na linampiga tena kutoka kwenye maji. Anayeishi na virusi vya Ukimwi hatari yake ni kubwa zaidi, na kwetu ugonjwa huu huwapata watu wakiwa bado vijana kuliko Ulaya. Huanza kama kinyama cheupe au cha rangi ya waridi pembeni mwa kiini cheusi, kikiwa na vijishipa vyekundu. Si kila kinyama ni saratani. Vingi ni vile vya kawaida vya jua na upepo. Lakini kinachokua, kinachotoa damu, au kilichokatwa kikarudi, hicho kinataka daktari wa macho na maabara, na kila mgonjwa wake apimwe na VVU bila kuoneana haya.

Hapa nina habari nzuri, na inatoka kwa jirani. Kenya, mwaka 2016, Dkt. Stephen Gichuhi na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa waliokatwa kinyama cha saratani, kisha nusu yao wakapewa matone ya dawa iitwayo fluorourasili kwa wiki nne na nusu wakapewa matone yasiyo na dawa. Ndani ya mwaka, kinyama kilirudi kwa asilimia 11 ya waliopata dawa, na kwa asilimia 36 ya wasiopata. Matone, si mashine. Zamani sehemu nyingi walitumia kijiti chenye strontiamu 90 kugusa pale palipokatwa, na mionzi yake ya beta huingia milimita chache tu. Bado ina nafasi yake mikononi mwa anayeijua. Ila hata vinyama vya kawaida vilikuwa vikipigwa nayo, na baadhi ya watu miaka mingi baadaye weupe wa jicho ulionekana umelika na kuwa mwembamba. Mionzi kwa kitu kisichokuwa saratani. Hilo mimi nalihesabu katika mambo yaliyotufundisha adabu.

Ugonjwa ukiachwa mpaka umeingia ndani ya tundu, upasuaji wake ni wa kutoa kila kilichomo tunduni, kope na vyote, na mionzi hufuata. Sitaki kueleza zaidi, kuna watoto hapa.

Saratani ya tezi za limfu ya jicho nayo nitaipita haraka kwa sababu yenyewe ina huruma: ile ya polepole huitikia mionzi vizuri mno. Grei 24 kwa vipindi 12 mara nyingi zinatosha, na kuna wagonjwa wanaopewa grei 4 tu, vipindi viwili, uvimbe ukayeyuka. Wazee wetu wenye uvimbe wa rangi ya samoni ndani ya kope wasikate tamaa kabla ya kipimo.

Sasa mtu wetu ameandikiwa mionzi. Kwa miaka yote wagonjwa wa Pemba na Unguja wamekuwa wakivuka kwenda Ocean Road, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Huko kuna mashine za kobalti, na tangu 2018 zipo pia zile za umeme ziitwazo LINAC, zinazoweza kuikata mionzi ifuate umbo la uvimbe. Siku ya kwanza hapigwi mtu mionzi. Anatengenezewa barakoa: bamba la plastiki lenye matundu linalowekwa kwenye maji ya moto likalainika, likavutwa juu ya uso wake, na baada ya dakika chache limekauka kwa sura yake mwenyewe. Barakoa hiyo inabanwa kwenye kitanda kila siku ili kichwa kisitikisike. Mtoto mdogo hawezi kuvumilia, kwa hiyo hulazwa usingizi kila kipindi, na ndiyo maana anaambiwa asile tangu alfajiri.

Kisha kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, analala, tunapanga mistari ya mwanga, tunatoka nje ya chumba, tunamtazama kwenye televisheni. Haumwi, hasikii moto, haoni kitu. Kwenye kobalti muda wa kulala unaweza kuwa mrefu kuliko aliokwambia jirani yako aliyetibiwa miaka iliyopita. Kobalti hupungua nguvu nusu kila miaka 5 na kidogo, kwa hiyo mashine ile ile, kadiri inavyozeeka, inahitaji dakika zaidi kutoa kipimo kile kile. Hatujakosea hesabu.

Baada ya wiki mbili tatu ngozi inakuwa nyeusi na kavu, kope zinaweza kudondoka, jicho linawasha na kukauka. Miaka ya mbele huenda ikaja mtoto wa jicho, ambayo inafanyiwa upasuaji. Jicho kupasuka kwenye mashine, sijapata kuona.

Wanja, tafadhali, msimpake mgonjwa kipindi chote cha tiba, wala mafuta yoyote kabla ya kipindi, hata ya habasoda. Maji ya kawaida kwa udhu kwenye ngozi hayana neno, asisugue tu. Lakini aliyefanyiwa upasuaji wa jicho asitie maji jichoni mpaka aruhusiwe, na suala la kutayamamu masheikh mnalo jibu lake kuliko mimi. Na aliyepigwa mionzi ya mashine haambukizi mtu. Akitoka chumbani mionzi imebaki kwenye mashine. Mama anyonyeshe, mtoto alale na bibi yake, mume asihamie barazani. Ni mwenye kisahani tu, akiwa bado nacho jichoni, ndiye anayewekewa masharti, watoto na wajawazito wasimkaribie.

Wauguzi wenzangu, haya ni yenu. Utafiti uliokusanya watoto 4,351 waliogunduliwa na retinoblastoma mwaka 2017 katika nchi 153 ulionyesha kuwa kwenye nchi tajiri nusu ya watoto walikuwa wameshajulikana wakiwa na miezi 14, na kwenye nchi maskini kabisa miezi 30 na nusu. Katika nchi tajiri karibu wote ugonjwa ulikuwa bado ndani ya jicho. Katika nchi maskini kabisa, nusu yao ulikuwa umeshatoka nje. Sasa tazameni kadi ya chanjo: surua miezi 9, surua tena miezi 18. Mtoto yuko mikononi mwenu mara mbili ndani ya muda huo huo, na hakuna mtu anayemtazama mboni. Hatuhitaji LINAC kwa hilo. Inahitajika kuzima taa ya chumba, kumulika kwa kimulikio cha macho kutoka urefu wa mkono, na kuuliza: yote mawili yametoka mekundu sawa? Moja likiwa jeupe, barua ya rufaa iandikwe siku hiyo hiyo, na iandikwe neno "haraka". Matibabu ya saratani ya watoto yako Muhimbili, na huko mzazi asizuiwe na hofu ya bili kabla hajauliza.

Limebaki moja, nalo ndilo linalotukwamisha kuliko mashine na nauli. Daktari akisema jicho litolewe, mama huwa tayari, yeye ndiye aliyekesha. Baba anasema amngoje kaka yake mkubwa aliyeko Unguja. Kaka anataka kwanza kusikia kwa mjomba. Mtoto anarudishwa nyumbani, na anaporudi tena hospitali hatuzungumzii jicho, tunazungumzia maisha. Jicho lililojaa uvimbe haliwezi kuona kitu, limekwisha kupotea kabla daktari hajaligusa. Likitolewa likiwa bado zima kwa nje, watoto wengi wanapona kabisa, wanavaa jicho la bandia, wanakwenda skuli, na wanasalimika na mionzi niliyoieleza. Masheha na maimamu, nyinyi mnaingia kwenye nyumba ambazo mimi siingii. Mkisikia kuna mtoto kasubirishwa, nendeni mkakae na wale wanaume.

Na mtoto mwenye ugonjwa huu, ndugu zake nao waangaliwe macho, wadogo zake tangu siku za mwanzo wa kuzaliwa. Akikua akaoa au akaolewa, watoto wake pia.

Adhana ya alasiri imekaribia. Maswali tutayachukua baada ya sala. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano wasiondoke: chumba cha pili mapazia yameshafungwa, wauguzi wawili wako humo na vimulikio, na hakuna malipo. Kama una picha kwenye simu uliyoitilia shaka, njoo nayo.